Bami na Kigoda cha Kupalilia

Bami aliletwa kwangu mwezi wa tatu, ndani ya kikapu cha plastiki chenye kimlango. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja nyuma ya friji ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, akakaa huko siku tisa. Alitoka kula pale tu nilipokuwa sipo.

Alikuwa mbwa mwenye uzito wa kabichi moja, manyoya ya kahawia yaliyojisokota. Miaka saba alifungiwa kwenye kizimba cha waya, anazalishwa, watoto wanauzwa, anazalishwa tena. Chuchu zilining'inia, meno yalibaki manne, na udongo alikuwa hajawahi kuukanyaga. Binti Yun, wa kituo cha kuokoa mbwa, alinieleza hayo yote, kisha akaziangalia mvi zangu. Akasema kwa adabu kwamba atarudi baada ya mwezi, na kama Bami bado anajificha, itabidi ampeleke kwa watu wenye nguvu zaidi. Nina miaka sabini na sita. Nikamwambia nguvu ninazo, na huyu si gunia la mchele.

Sikumwambia kwamba tangu mume wangu afariki nilikuwa naisimulia televisheni habari za vitunguu saumu vyangu, na televisheni haijali.

Dada Malsun, jirani yangu, alikuja kuchungulia nyuma ya friji kila asubuhi. Siku ya sita akauliza kama nimeletewa mbwa au ufagio. Nikamkumbusha kwamba hata yeye alipoolewa hapa kijijini alijificha stoo siku mbili, na tulimvumilia.

Mimi si mtu wa haraka. Niliona kwamba nikisimama, Bami anapotea. Nikikaa sakafuni nimempa mgongo, namenya vitunguu, nasikia kucha zinagusa sakafu. Basi nikawa nampa mgongo. Nilikula nimempa mgongo, nikamwongelesha nimempa mgongo, kama mke na mume waliogombana.

Sasa, huku kwetu Uiseong, mashambani Korea, kila mwanamke mwenye shamba ana kigoda chake cha kupalilia: duara la sponji nene lenye mikanda miwili. Unapitisha miguu, kinakukaa makalioni, na popote unapochuchumaa umeshakaa. Kutwa tunajongea nacho mashambani kama bata. Siku ya kumi nilikuwa napalilia tuta lililo karibu na baraza, mara nikahisi pumzi ya moto nyuma yangu. Sikugeuka. Nikajongea kidogo, naye akajongea. Tukamaliza tuta zima hivyo.

Malsun alituona kutoka kwake.

"Usijidanganye, Mama Hyeran," alisema. "Hajakupenda wewe. Amependa kigoda."

Nilicheka, lakini lile neno lilinikaa. Kweli, nikikivua kigoda, Bami alikuwa anakilalia chenyewe, na mimi ananitazama kama mwizi aliyekuja kukiiba.

Siku ya Binti Yun kurudi nikafanya ujinga. Niliona aibu mgeni kunikuta na matope makalioni, nikakifua kigoda, nikakianika, nikavaa suruali ya maua ya kwendea mjini, nikasimama mlangoni kama mwenyekiti wa kijiji. Bami akarudi nyuma ya friji. Binti Yun alipiga magoti, akamwita taratibu, akaona anavyotetemeka. Akainuka, akaenda kwenye gari kuchukua kile kikapu.

Nikakimbilia kwenye kamba. Kigoda kilikuwa kinachuruzika maji. Malsun alikuwa amesimama getini na bakuli la mboga ambalo hakuna aliyeliagiza, kigoda chake cha bluu kimemkaa kama kawaida. Nikamwambia avue.

"Kina harufu yangu hiki," akasema, huku akichomoa mguu. "Akikinusa atakimbia mpaka baharini Busan."

Nikakivaa juu ya maua yangu. Binti Yun alikuwa ameshaingia na kikapu. Nikampa mgongo, mgeni mzima, mama yangu angenichapa, nikashuka uani, nikakaa, nikaanza kupalilia. Hapakuwa na gugu hata moja. Niling'oa hewa, namsimulia Bami kwamba mstari wa tatu unachelewa kuota kama kawaida yake.

Nikasikia kucha. Zikasimama kizingitini, muda mrefu. Kisha pumzi. Alikinusa kigoda, akapiga chafya, nikajua amemtambua Malsun. Nikangoja akimbie.

Hakukimbia. Alikizunguka kigoda, akaja mbele, upande ambao hakuwahi kuja, akaweka kidevu juu ya goti langu. Nikaona uso wake, naye wangu. Wote wawili hatuna meno ya kujivunia.

Binti Yun akakifunga kile kikapu kitupu, akakirudisha garini.

"Haya, nirudishie kigoda changu," Malsun akasema. "Nina tuta linaningoja."

Nikamwambia angoje, siwezi kusimama sasa. Akangoja, amekaa chini kwenye udongo kama mtoto, karibu saa nzima, ananung'unika kwa sauti ya chini ili Bami asishtuke.