Nimeshapanda, Mama

Mpiga pasi alirudi kutoka kazini kwa dobi hoi bin taabani, miguu imevimba, nguo zikinuka mvuke wa mashuka ya watu. Hajavua hata viatu, sauti ya mama mkwe ikamdaka kutoka chumbani.

“Mwanangu, vitunguu vyangu umeshapanda?”

“Nimeshapanda, mama. Vimeota vizuri tu.”

Uongo mtupu. Vitunguu vya mayungiyungi vilikuwa juu ya kabati tangu mvua za kwanza, na sasa mvua zinakatika. Kila mwaka bibi huyu aliyapanda maua yake mwenyewe chini ya dirisha la chumba chake. Mwaka huu miguu ilimgomea, akalala kitandani, na kazi ikamwangukia mkazamwana, ambaye kwa kuchoka aliona ni rahisi kusema “nimeshapanda” kuliko kushika jembe. Nani wa kumlaumu? Mume yuko safarini na lori lake, na nyumba nzima iko mabegani kwake.

Lakini njia ya mwongo ni fupi.

“Basi kesho uniketishe dirishani niyaone,” mama mkwe alisema. “Ya mwakani sina hakika nayo.”

Aibu ilimshika mpiga pasi. Akauteremsha mfuko wa vitunguu, akachukua mwiko ili jembe lisisikike, akatoka. Vitunguu vingine vilikuwa vimesinyaa, kimoja kimeoza. Alipiga magoti akafukua na kufukia, huku akijua fika kwamba hakuna kitakachoota kufikia kesho, na pengine hakitaota kabisa. Machozi yakamtoka, ya uchovu zaidi kuliko majuto.

“Ncha ikae juu,” sauti ikasema kutoka dirishani.

Mwiko ukamponyoka. “Mama, nilikudanganya.”

“Najua. Kitanda changu kiko hapahapa ukutani. Ungechimba, ningesikia.”

“Sasa mbona ulikuwa unaniuliza kila siku?”



“Mengine nikikuuliza unaguna tu, unapita. Hili ulikuwa unanijibu.”

Ni kweli, mpiga pasi alikuwa akiguna tu, akipita. Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. Mkononi kilikuwa kimebaki kitunguu kimoja, na shimo lake lilikuwa tayari mbele ya magoti yake.

“Na hiki, mama,” akauliza, “nikiweke wapi?”