Usukani wa Watu Wawili

"Umepasuka hapa shingoni," fundi alisema, akiupitisha ukucha kwenye ufa. "Huu hauchomelewi, shemeji. Nikiuchomelea leo, kesho utakuachia katikati ya barabara, na meno yako tutayaokota kwenye lami."

Dobi alisimama mlangoni mwa karakana, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Baiskeli yake ilikuwa imepinduliwa magurudumu juu, na usukani ulikwisha kufunguliwa na kulazwa juu ya gunia. Hakuwahi kuuona ukiwa peke yake. Ulikuwa mpana, na mikono yake miwili ilipinda kurudi nyuma, mirefu, imelegea, kama mabega ya mtu aliyerudi kutoka kazini.

"Sasa ilikuwaje?" Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, bisibisi ameichomeka kwenye kilemba, na mdomo wake haukujua likizo.

"Jamaa alikatiza mbele yangu na godoro kichwani. Hakuniona. Nikamkwepa, nikaivaa nguzo."

"Na wewe ulimwona?"

"Nilimwona tangu mbali."

"Ulimwona tangu mbali, kengele unayo, na hukuipiga?"

Dobi akajitia kuangalia minyororo iliyoning'inia ukutani. Angemwambia nini? Kwamba alikuwa akisubiri ipigwe?

Maana ukweli ndio huo. Miaka yote ile si yeye aliyekuwa akipiga kengele. Mkewe alikaa nyuma kwenye karia, nguo zilizopigwa pasi amezilaza mapajani zisipate mikunjo, mkono mmoja juu ya nguo, mwingine ukimpitia mumewe ubavuni hadi kwenye ncha ya usukani, na pale ndipo kengele ilipofungwa. Palikuwa mahali pa ajabu pa kufungia kengele. Mwendeshaji hakuweza kuifikia bila kuachia breki. Mkewe aliifikia bila taabu, na kwa kweli usukani wenyewe waliuchagua kwa ajili hiyo, siku waliyoinunua baiskeli. "Wewe angalia njia," alimwambia, "watu niachie mimi." Basi kazi wakagawana hivyo. Mtaani wakambandika jina la Mama Kengele. Alikuwa na mlio wake, mara mbili fupi kisha kimya, kama jirani anayebisha hodi huku anajua atafunguliwa.

Mwaka ulikuwa haujaisha tangu amzike. Siku hizi Dobi alizifunga nguo kwenye karia kwa mipira, akazipeleka kwa wateja peke yake, na kila mtu alipokatiza mbele yake, alisubiri. Kidogo tu. Halafu akakumbuka. Mara nyingi alikumbuka mapema, akawahi breki. Jana hakuwahi.

"Shemeji, nakuuliza."

"Nilipitiwa," alisema.

Fundi alimtazama. Marehemu alikuwa akimwita dada, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja, na ushemeji wao ulitoka hapo. Fundi aliingia ndani, akapekua vyuma kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika, akatoka na sukani tatu begani.

"Haya, chagua. Lakini usichague kwa sura. Baiskeli yako haina gia, kwa hiyo gia yako ni hii. Kilimani ndiyo utakayoivuta, na kwenye foleni ndiyo itakayosema kama unapita au hupiti. Zungusha moja moja, uje uniambie."

Wa kwanza ulikuwa umejikunja kwenda chini, kama pembe za kondoo. Dobi aliuzungusha mtaa mmoja, akarudi ameshika kiuno.

"Vipi?"

"Nimeona tairi la mbele na vidole vyangu vya miguu. Barabara sijaiona."

Fundi alicheka hadi bisibisi ikayumba kichwani. "Huo ni wa vijana wenye haraka. Wewe unakimbilia wapi? Kola zikipoa kidogo nani atakufa?"

Neno lile la kufa likamtoka kabla hajaliona. Akainama upesi, akaanza kufungua nati.

Wa pili ulikuwa mwembamba, umenyooka, hauzidi upana wa mabega yake. Nao Dobi akaupeleka hadi barabara kuu. Foleni ilikuwa imeganda. Zamani walisimama papo hapo nyuma ya magari, maana usukani wao haukupita kati ya vioo vya pembeni, na mkewe akapata muda wa kuwasema abiria mmoja mmoja: yule kanuna kwa sababu kiatu kinambana, yule anamsikiliza mwenzake na hamsikii. Leo Dobi alipenya. Aliingia kati ya lori na teksi kama uzi kwenye tundu la sindano, akatokea upande wa pili, akakuta njia nyeupe. Kwenye mlima alisimama juu ya pedali, akauvuta usukani, na baiskeli ikamtii. Ilikuwa nyepesi. Alikuwa amesahau kwamba baiskeli inaweza kuwa nyepesi. Akajikuta anatabasamu, peke yake, juu ya mlima, jasho linamtoka.

Kisha aibu ikamshika. Alijiona kama mtu aliyekula chakula kitamu akamficha mwenzake.

Alirudi, fundi akaufungua ule wa pili. Akamfungia wa tatu. Huo aliutoa kwenye baiskeli kuukuu ya mtu mwingine, na ulifanana na ule uliopasuka: mpana, umepinda kurudi nyuma. Dobi alikaa juu yake, mgongo ukanyooka wenyewe, mikono ikarudi karibu na nyonga, viwiko vikajitenga na mbavu. Huku na huku pakabaki nafasi.

Aliijua nafasi ile. Mkono wa mkewe ulipita pale. Sasa ulipita upepo, ukamwingia ndani ya shati hadi mgongoni, na akaona baridi ingawa jua lilikuwa kali. Aliendesha polepole. Hakuna aliyekatiza. Hakukuwa na wa kupigiwa kengele, na hata kengele yenyewe haikuwepo, ilibaki kule kwenye gunia. Hata hivyo alitega sikio, akalitega mtaa mzima, hadi miguu ikakataa kukanyaga.

Fundi alimwona akija anaikokota baiskeli.

"Imeharibika?"

"Haina neno."

"Sasa mbona unaikokota?"

"Usukani mzuri huu," Dobi alisema. "Mzuri sana."

Fundi alijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. Akamsogezea kigoda. Dobi hakukaa.

"Kengele alikuwa anapiga yeye," alisema.

"Najua. Mji mzima unajua."

"Jana nilikuwa nasubiri."

Fundi alikiangalia kiatu chake, akaiangalia barabara, mahali popote pasipo na uso wa mtu.

"Shemeji, ukiuchukua huu mpana nitakufungia, sina ugomvi. Lakini siku moja watu wataniletea baiskeli bila wewe. Na mimi dada yangu nitamwambia nini? Kwamba nilikukazia nati vizuri?"

"Nikiuchukua huo mwembamba," Dobi alisema, "basi nimekubali."

Fundi hakumuuliza amekubali nini. Alishika spana, akangoja. Gari lilipita, likapita jingine. Dobi aliiangalia karia, mipira ikiwa imelala juu yake bila nguo, na kipande cha blanketi alichokikunja mkewe ili chuma kisimuumize. Hakuwahi kukitoa. Alijua kwamba akitoa jibu atakuwa ameondoka nyumbani kwake na mkewe kwa namna fulani, na hakutaka, na fundi alikuwa bado ameshika spana.

"Funga mwembamba," alisema.

Ulifungwa haraka, kama jino linavyong'olewa. Fundi akaweka kengele mpya pembeni ya kishikio cha kulia, karibu kabisa na kidole gumba. "Haya, piga."

Dobi akapiga.

"Umepiga kama askari. Nani atakupisha kwa hiari? Piga tena."

Alipiga tena, akaacha. Fundi akasema itazoeleka. Kisha akauinua usukani uliopasuka, akaupima kwa mkono kuelekea kwenye rundo la vyuma chakavu.

"Usitupe."

"Utaufanyia nini?"

"Usitupe tu."

Kengele ya zamani ilikuwa bado kwenye ncha yake. Tangu kugonga nguzo, kijiti chake cha kupigia kilikuwa kimelegea, kikitikiswa kinalia chenyewe. "Nikukazie basi," fundi alisema, "isikupigie kelele njia nzima."

"Iache hivyo hivyo."

Akaulaza usukani kwenye karia, juu ya blanketi lililokunjwa, akaukaza kwa mipira. Fundi aliangalia, akataka kusema neno la mzaha, akalimeza. "Nenda salama, shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Dobi aliingia barabarani. Usukani mpya ulimkaa vizuri mikononi na kidole gumba kilikuwa tayari. Alipofika kwenye tuta la kwanza alipunguza mwendo, kama alivyozoea kumpunguzia mkewe, akalipanda taratibu, gurudumu la mbele, kisha la nyuma.

Kengele ikalia nyuma yake. Mara mbili, fupi.

Mbele yake mwanamke mmoja aliyebeba beseni la nguo mbichi alisogea kando bila kugeuka, akapisha. Alipisha nafasi pana, pana kuliko baiskeli ile ilivyohitaji. Dobi alipita, macho mbele, hakuthubutu kuangalia nyuma.

Mwisho wa mtaa njia ziligawanyika. Ya kulia ilikuwa lami mpya, laini, inafika kwake upesi. Ya kushoto ilipita nyuma ya nyumba, ndefu, na mashimo yake hayakuwahi kuzibwa; kila shimo lingeitikisa karia.

Alisimama hapo, mguu mmoja chini. Kisha akaikanyaga pedali, akakata kushoto.