Rejeta Iliyokuwa Nyuma ya Dashibodi

Kung'oa dashibodi ya gari la zamani ni kazi ya kuchosha roho, na Fundi alikuwa ameikwepa miaka sita. Si kwamba ilimshinda. Katika karakana yake nyuma ya nyumba ya mama yake, ambako hata mama huyo alimwita Fundi, hakuna gari lililowahi kumtoa jasho bure. Hili tu, gari la marehemu baba yake, Mzee kama wote walivyomwita, ndilo lililompa kigugumizi.

Bodi alishainyoosha, rangi alishapaka, injini iliwaka. Ilibaki hita. Mama alisema mara moja tu, kwa sauti ya mtu asiyetaka ubishi: "Nataka nilipande tena kabla sijafa. Lakini sitaki kutetemeka humo ndani."

Basi asubuhi hiyo akajikaza kisabuni. Alitoa usukani, akafungua skrubu za chini, akachomoa kebo ya spidi, akazifunga nyaya vitambaa vya rangi asije akazichanganya. Dashibodi ya mbao, ambayo Mzee aliifuta kila siku kwa leso yake mwenyewe, ikatoka nzima. Nyuma yake, ndani ya boksi la hita, kulikuwa na rejeta ndogo, ile inayopitisha maji ya moto ya injini ili watu wapate joto. Hofu yake yote ilikuwa hapo.

Miaka sita nyuma mdogo wake alikuwa akiendesha, Mzee kando yake, gari likagonga ukingo wa daraja. Mzee hakufika hospitali. Kijana alilia, akaapa kwamba kioo cha mbele kiliingia ukungu ghafla, mzito, wenye mafuta, asione kitu. Ndugu wakamgeukia Fundi: jambo hilo linawezekana? Yeye ndiye mjuzi, neno lake ndilo la mwisho. "Kioo hakiingii ukungu hivyo," alisema. "Usingizi ulimchukua." Mama akamkatia mwanawe mawasiliano, na kijana akahamia mbali.

Asichowaambia ni kwamba wiki mbili kabla ya ajali, Mzee alimletea gari akicheka: "Mwanangu, gari langu linanukia peremende!" Fundi aliijua harufu hiyo. Ni maji ya rejeta yenye dawa yanayovujia ndani ya hita, na mvuke wake hutanda kwenye kioo. Lakini kuifikia hita lazima dashibodi nzima itoke, naye alikuwa na magari mengine yanayomsubiri. Akajitia hamnazo. "Fungua dirisha, Mzee," alimwambia, wakacheka wote wawili.

Sasa alitafuta pa kujifichia. Labda ilipasuka kwenye ajali. Akachomoa mipira miwili ya maji, akaitoa rejeta, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Haikuwa imepasuka. Ilikuwa imeoza, ina vitundu kama vya sindano, vimezungukwa na ukoko wa kijani tabaka juu ya tabaka, ukoko wa miezi mingi. Njia za hewa zinazopanda kwenye kioo zilikuwa na utando unaonata kidoleni. Akakaa juu ya tairi. Angeweza kuitupa kwenye vyuma chakavu na asijue mtu. Hilo aliliwaza kweli, tusimsafishe.

Akapiga simu.

"Kaka?" Sauti ilishtuka. "Mama mzima?"

"Mzima. Nimetoa dashibodi ya gari la Mzee. Hita ilikuwa imeoza. Kioo kiliingia ukungu kweli, mdogo wangu. Na mimi nilijua inavuja."

"Nililala, kaka."

"Hukulala!"

"Nililala. Ndivyo nilivyomwambia Mama mwaka jana, ndipo akaanza kupokea simu zangu. Ningekaa bila mama mpaka lini? Ukifukua hayo, nitakuwa mwongo mara ya pili. Niachie msamaha wangu." Simu ikakatika.

Fundi alilia kama ambavyo hakuwahi kulia hata msibani. Alikuwa bado anajifuta uso kwa mkono wenye grisi Mama alipotokea mlangoni.

"Vipi, Fundi wangu, umeona kinachosumbua?"

"Rejeta ya hita imeoza, mama."

"Maskini. Ni kwa kukaa tu bila kuendeshwa, eh?"

Mama alikuwa amemfungulia njia ya kuukwepa ukweli bila kujua, na alitabasamu alipouliza.

"Hapana, mama," Fundi alisema. "Ilioza Mzee akiwa hai, na mimi nilijua. Mdogo wangu hakulala."