Moyo Unaoguna

Kiti kilikuwa kimeegemezwa ukutani sebuleni, kimevuliwa nguo zote, mbavu zake za mbao zikiwa nje. Ndicho kiti alichonyonyeshea Bibi watoto wake wote, na sasa mjukuu wake alikuwa na tumbo lililoshuka, siku yoyote anajifungua. Mumewe, Fundi Makochi, alimwahidi mjukuu: kiti kitafungwa mikanda mipya ya kukalia, kitapata kitambaa kipya, kitamsubiri mtoto. Kabla hajakigusa zaidi, moyo ukamwangusha karakanani, nyundo mkononi. Yeye akapona. Kiti kikarudishwa nyumbani uchi.

"Usikitazame sana, kitaona haya," Fundi alimwambia mkewe asubuhi ya kliniki, akivaa soksi.

"Mwenye haya ni fundi wake," Bibi alijibu. "Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa, mama watoto. Twende."

Watu hudhani kazi ya makochi ni ya kukaa. Kuvuta mkanda mpaka ukaze kunataka kifua, na daktari alikuwa amekataza kuvuta chochote mpaka moyo uonekane umetulia. Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Kliniki iliyopita damu ilitoa majibu mabaya. Daktari alisema yakipanda tena, Fundi atalazwa, na habari ya karakana aisahau. Bibi alipiga moyo konde, akamfunga mumewe kifungo cha juu cha shati. Hizi kliniki alikuwa akipelekwa na mwanawe mkubwa. Leo Bibi alisema atakwenda mwenyewe.

Maabarani, binti wa kutoa damu aliona mkono wa mzee umepoa na mshipa umejificha. Hakuchomachoma. Aliufumbata kwa viganja vyake viwili mpaka ukapata joto, huku akimuuliza habari za makochi, ndipo akatafuta mshipa. Bibi alimtazama, akamwombea heri kimyakimya.

Chumba cha picha kilikuwa na giza kidogo. Kijana wa mashine alimpaka Fundi mafuta mazito kifuani, kisha, bila kuombwa, akageuza kioo cha mashine ili Bibi naye aone.

"Vile vinavyopepea ni nini?" Bibi aliuliza.

"Ni milango ya moyo, bibi. Inafunguka, inajifunga."

"Na pale palipolala?"

"Pale ndipo palipoumia siku ile. Pamebaki kovu. Hapapigi, ila sehemu nyingine zinapabebea."

Bibi alikitazama kile kipande kisichocheza, na vile vilivyokizunguka vikijitahidi kwa ajili yake. Akamshika mumewe kidole gumba cha mguu, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Wakarudi kwenye benchi la ukumbini kungoja majibu. Benchi lilikuwa refu, limejaa, na choo kilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi. Aliyeinuka alipoteza nafasi yake. Bibi alifungua chupa ya maji.

"Kunywa kidogo."

"Sina kiu."

Midomo yake ilikuwa imekauka. Bibi akafunga chupa, akaanza kuwaza. Nyumbani, akishakunywa kile kidonge cha kupunguza maji mwilini, Fundi hakai. Huenda chooni na kurudi, huenda na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu huko. Mpaka wajukuu humtania kwamba amefungua karakana ya pili. Leo tangu alfajiri ametulia kama gunia. Bibi akainama kana kwamba anaokota kitu, akamshusha soksi. Mpira wake ulikuwa umechimba mfereji kwenye mguu uliovimba.

Waliitwa.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alikuwa amekunja uso. "Mzee wangu, sielewi. Siku ile ulipoanguka, damu ilikuwa na kile kinachovuja nyama ya moyo ikiumia. Hicho kilishashuka zamani. Picha ya leo nayo ni nzuri: kovu ni lilelile, moyo haujatanuka zaidi. Lakini kuna alama nyingine kwenye damu, moyo huitoa ukilemewa. Ni kama mtu anavyoguna akibebeshwa mzigo. Na moyo wako unaguna kuliko mara iliyopita."

"Kama mkanda wa kochi likikaliwa na mtu mnene," Fundi alisema.

"Hivyohivyo. Na mkanda ukikaliwa sana?"

Fundi akatazama chini. "Unalegea. Haurudi."

"Ndiyo maana nataka nikulaze." Daktari akanyoosha mkono kwenye simu ya wodini.

"Mwanangu, subiri kidogo," Bibi alisema. Kisha akamgeukia mumewe, kwa sauti ile anayoitumia kumwamsha mtoto mgonjwa. "Baba, kile kidonge. Hujakinywa."

Fundi alikunjua kofia yake, akaikunja tena.

"Siku za kliniki sinywi," alisema mwishowe. "Wala jana yake. Wala juzi yake. Ili nisiinuke benchini."

"Kwa nini, mzee?" daktari aliuliza.

"Kliniki ya kwanza nilikinywa. Nikawa pale benchini, mwanangu amekwenda kuchukua dawa. Nilijua nikiinuka napoteza nafasi. Nikajikaza. Nikashindwa." Akapangusa uso kwa kofia. "Mama mmoja wa usafi aliniona. Alikuja na ndoo yake, akaimwaga yote miguuni pangu, ikanilowesha mpaka magotini. Akaanza kuniomba radhi kwa sauti, watu wasikie. 'Nisamehe, baba, nimekumwagia maji.' Wakamgombeza yeye. Mimi nikanyamaza."

Bibi alitaka kusema mficha maradhi kifo humuumbua, methali ikamfika mdomoni, akaimeza. Akamwekea mkono mgongoni tu.

Daktari aliurudisha mkono wake kutoka kwenye simu. "Basi moyo wako umekuwa ukilalamikia maji, mzee, na kila mara tulichopima ni maji hayo, si moyo kuharibika. Siku za kliniki kunywa kidonge ukirudi nyumbani. Usikiruke tena. Na ukihitaji kuinuka benchini, mwambie muuguzi, nafasi yako italindwa. Nitamwambia mwenyewe. Kunywa kila siku, urudi wiki ijayo tupime upya."

Wakiondoka, Bibi alimtafuta yule mama wa usafi. Walimkuta akipiga deki karibu na ngazi. Fundi alivua kofia.

"Nimekuja kukushukuru kwa ile ndoo."

Mama yule alimtazama kidogo, akatabasamu. "Ndoo gani, baba? Mimi namwaga nyingi."

Wiki iliyofuata moyo ulikuwa umepunguza kuguna. Haukunyamaza, daktari alisema wenye kovu huguna kidogo siku zote. Lakini karakana aliruhusiwa, kazi nyepesi, kuvuta bado.

"Basi kiti hakitamsubiri mtoto," Fundi alisema walipofika nyumbani.

Bibi alifunga khanga kiunoni, akapiga goti mbele ya kiti, akashika ncha ya mkanda. "Nivute mpaka wapi?"

"Wewe?"

"Nimekuvuta wewe miaka yote hii. Mkanda utanishinda?"

Fundi akacheka, akaketi kwenye kigoda na nyundo yake ndogo. Bibi akavuta.

"Bado," alisema Fundi. "Ongeza. Hapo. Shikilia hapohapo."

Bibi akashikilia, akiguna, na Fundi akapigilia msumari.