Ndimu kwenye Kinu cha Miwa

Pyaa.

Hiyo si sauti ya sukari guru. Tofali la sukari guru likitoka kwenye kalibu hulia tok, kama kwato la nyumbu juu ya jiwe. Hili lilianguka pyaa, likajilaza mezani kama kinyesi cha ng'ombe.

Yamileth alilitazama. Ndilo karai la kwanza alilopika mwenyewe. Asubuhi hiyohiyo mjomba wake Arcesio, mwenye kinu, alikuwa amemkabidhi mwiko mbele ya watu wote.

"Ndimu hiyo," alisema binamu yake Duván, huku akisukumia makapi ya miwa motoni. "Nilimwona kwa macho yangu akikamua kwenye kikombe chake."

Watu wote wakamgeukia Yamileth. Pale ndimu haivuki mlango. Maji yake yakiingia kwenye karai linalochemka, sukari huvunjika ikawa kitu kingine, na kitu hicho hakigandi tena. Arcesio aliwahi kumfukuza ndugu yake wa damu kwa kosa hilo.

"Nilikamulia nje, mjomba. Kule wanakofungwa nyumbu wa kubeba miwa."

"Basi mbona umenipa uji?"

"Niliepua mapema. Niliogopa kuunguza. Ni maji tu yamebaki ndani."

Duván akacheka. "Dada, uji ni uji."

"Si kweli. Kama ni maji, sukari ni ileile, imelowa tu, nikiyafukuza itaganda. Kama ni ndimu, sukari yenyewe haipo tena. Nitapika mpaka Jumapili na bado itakuwa gundi. Rudisheni karaini muone."

Arcesio alikuna ndevu. "Na ikibaki gundi?"

"Chukua mwiko wako. Nitalisha nyumbu mpaka nizeeke."

Uji wote ukarudi karaini. Moto ukanguruma, mvuke ukapanda mpaka kwenye mabati, na mapovu yakaanza kuvimba na kupasuka mazito. Yamileth alikoroga mabega yakiwaka. Akizidisha kidogo itaungua, na kuungua nako hakuna kurudi. Lakini moyoni alikuwa anacheza. Aliuona mwiko ukizidi kuwa mzito, akajua maji yanakwisha.

Akadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, akalitoa, akalivunja. Lilikatika kama kioo.

"Mimineni."

Walisubiri ipoe. Hata Duván aliusahau moto wake. Mwishowe Arcesio akalipindua kalibu juu ya meza.

Tok.

"Labda ndimu yenyewe ilikuwa mbovu," Duván akanung'unika, na watu wakamcheka mpaka nyumbu wakageuza shingo.

Arcesio hakucheka. Alimega pembe ya tofali, akatafuna taratibu, kisha akachukua mwiko akamkabidhi tena Yamileth, ila hakuuachia.

"Na ndimu, je?"

"Hata huko nje sikamui tena, mjomba. Na karai siepui mpaka tone likatike. Nakuahidi."