Godoro Lililomlaza Fundi

Fundi alikuwa amemaliza kushona pande tatu za godoro na kuingia upande wa nne, sindano ndefu ikizama kwenye sufi na kutokea ng'ambo, kope zilipoanza tena kuwa nzito. Akajifinya paja. Usiku kucha hakupata hata lepe la usingizi: kikohozi kikinyamaza, jasho hushika zamu, jasho likikauka, kumekucha. Kifua kikuu kilikuwa kinamtoka kwa vidonge, na kliniki walishapima makohozi wakasema haambukizi tena. Uchovu tu ndio uliokataa kufungasha virago.

Mwenye karakana alikuwa kaka wa mkewe. Jana alimwambia mbele ya watu, "Shemeji, nakupenda. Lakini nikikukuta tena umesinzia kazini, utakwenda kupumzika nyumbani, na benchi lako nitampa mwingine."

Nyumbani! Huko ndiko usingizi ulikogoma kufika. Na fundi bila benchi ni fundi wa nini?

Akainama ili auvute uzi. Shavu likagusa kitambaa.

Alichosikia baadaye ni sauti ya mama mmoja, mteja aliyekuja kumtafutia binti yake godoro la kuanzia maisha.

"Shii, usimwamshe! Mtazame, hadi udenda unamtoka. Mume wangu ana miaka hajalala hivyo."

Shemeji alikuwa ameshafungua kinywa cha kufukuza. Akakifunga, akafungua cha biashara. "Ndiyo magodoro yetu hayo, mama. Fundi mwenyewe yanamshinda."

"Basi nitengenezee mawili."

Mama alipoondoka, fundi akaanza kukusanya vitu vyake. Shemeji akamvuta mkono hadi kwenye godoro la maonyesho, pale mlangoni.

"Panda. Kuanzia leo kazi yako kulala."

"Si jana ulinikataza?"

"Jana ulikuwa unalala bure."

Fundi akapanda, akafumba macho. Usingizi, kama mgeni wa heshima aliyesikia kwamba anangojwa, ukachelewa makusudi. Akageuka ubavu. Akageuka tena.

"Huyo hajalala, kope zinacheza," muuza mkaa wa jirani alitangaza. "Godoro gani linamtoa mtu macho kama kinyonga?"

Wateja wawili waliokuwa wanaingia wakacheka, wakapita zao.

"Unanifilisi," shemeji alinong'ona. "Lala!"

Fundi akaketi. "Usingizi ungekuwa unasikia amri, shemeji, ningeuamrisha nyumbani, dada yako naye apumzike. Sisinzii kwa uvivu. Mwili umechoka, na dawa bado zinaendelea. Nirudishie benchi langu. Nikiweza nitashona, nikishindwa nitaegemea kidogo, kisha nitashona."

Shemeji akaitazama shingo ya fundi, jinsi kola ilivyoizunguka bila kuigusa.

"Dada aliniambia unakesha," alisema. "Nikadhani anakutetea tu."

"Na wewe ulilala?"

"Kama gogo." Akakohoa kwa aibu. "Haya, rudi kwenye benchi. Ni lako."

Fundi akarudi, akapiga mshono mmoja, wa pili. Katika wa tatu kichwa kikashuka. Shemeji akamtoa sindano vidoleni polepole, akajaribu kuuendeleza upande ule mwenyewe, akajidunga, akatukana kimoyomoyo.

Mtu akabisha mlangoni: godoro lake litakuwa tayari lini?

"Kesho," shemeji alijibu huku akinyonya kidole. "Na punguza sauti, bwana. Kuna mtu kazini."