Si Dawa, Ni Lishe

Mdogo wangu Loisi alinenepa uso, na watu wa mtaa wetu wa Nkuhungu wakamshukuru Mungu.

Mimi nilikuwa narudi kutoka Mpanda, nilikokwenda kulima tumbaku nikaishia kulinda ghala la mtu. Nimezoea kumwacha ndugu mwembamba na kumkuta mwembamba zaidi; huku kwetu Ugogo, mwaka wa njaa ukiisha unakuja ndugu yake. Kwa hiyo nilipomkuta mjane wa miaka sitini na kitu ana mashavu ya bibi harusi, nilifurahi kama wengine.

"Umenawiri, mdogo wangu."

"Ni lishe hiyo, kaka. Magoti nimeyasahau. Sasa hivi hata wewe mzururaji tukiongozana ungeniomba nipunguze mwendo."

Lishe yenyewe ilikuwa kopo la unga wa kijani, lina picha ya mlonge na maandishi kwamba ni asili tupu. Aliyekuwa akiileta ni Jordan wa Ipagala, mwimbaji wa kwaya kanisani kwa akina Loisi, mtu wa adabu kiasi kwamba shikamoo yake inaingia mlangoni kabla yake. Ukimuuliza dawa yake inatibu nini, anakusahihisha kwa upole. Dawa zina kemikali, alisema. Hii ni chakula, kama mlenda. Akina mama walilishika neno hilo kuliko mahubiri. Kila asubuhi Loisi alikoroga unga wake kwenye uji wa uwele, na ole wako uuite dawa mbele yake.

Lakini niliona kwamba unono ule ulikuwa wa uso na tumbo tu. Mikono imebaki vijiti, na ngozi ikigongwa kidogo inavia damu. Nilipomuuliza alisema ni uzee, tena akanitazama mimi juu mpaka chini, akacheka.

Mvua zilipogoma, kanisa likatangaza mfungo wa wiki nzima wa kuziomba. Mchana maji tu, jioni uji mtupu. Mchungaji alisema wazi kwamba wagonjwa wameze dawa zao, Mungu hagombani na vidonge. Loisi akalifunika kopo lake akaliweka juu ya kabati. Emiliana, binti yake, alimshauri asiliache, kwa sababu ya magoti.

"Mwanangu, nimdanganye Mungu? Hicho ni chakula."

Magoti ndiyo yaliyorudi kwanza. Kisha akaanza kutapika, na hata kukaa kitako kukamshinda. Tulidhani ni njaa ya mfungo, tukamlazimisha uji, haukukaa tumboni. Siku alipoanza kuzungumza na marehemu mumewe kwa Kigogo, akimuuliza mbuzi wamelala wapi, tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali.

Daktari alikuwa binti anayeitwa Hana. Aliuliza mama anatumia dawa gani. Emiliana akasema hakuna. Za kienyeji je? Hata hizo hakuna. Emiliana wa watu hakusema uongo. Basi wakapima malaria, wakapima sukari, wakamtundikia maji, na presha ikazidi kushuka. Baadaye yule daktari akarudi, akasimama akiutazama ule uso wa mviringo na ile mikono, kisha akauliza kwa namna nyingine.

"Kuna kitu mama anakula kila siku ambacho nyinyi wengine hamli?"

Emiliana akashika mdomo.

Nililifuata kopo mwenyewe. Daktari hakulifungua. Alisema wagonjwa wengine wameshaletwa na kopo kama hilo, wakalipeleka maabara, wakakuta ndani ya mlonge kumesagiwa vidonge vikali vya kuondoa uvimbe. Vinatuliza maumivu kweli, na vinavimbisha uso. Lakini mwili ukishazoea kuletewa, unaacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, na siku ukivikata ghafla unaanguka. Taarifa walishaitoa.

"Wauzaji wakabadilisha rangi ya kopo," alisema.

Walimchoma sindano ya kile alichopungukiwa. Laiti wangejua alipofika mlangoni. Loisi alikata roho kabla jua halijazama, saa ya uji wa mfungo.

Msibani Jordan alikuja na kwaya, akalia machozi ya kweli. Wasifu wa marehemu niliusoma mimi, kama mkubwa wa familia, na nilipofika kwenye ugonjwa sikuficha. Nikawaeleza kilichomo kwenye kopo. Nikasema wanaokunywa unga huo waende hospitali na kopo mkononi, waachishwe taratibu na wataalamu, wasije wakaacha ghafla kama Loisi. Nikashuka nikidhani nimefanya jambo.

Wakati wa chakula alinifuata Anna, jirani, naye ana mashavu yale yale.

"Kwa hiyo, kaka Bartolomayo, kilichomuua ni kuacha."

"Nimesema mwende hospitali, Anna."

"Na umesema tusiache. Tumekusikia."

Nikamweleza upya, polepole, kama ninayemwelekeza mtu njia. Akaitikia kila neno, akanipa pole, akaenda zake. Nikainua macho nikaona anakokwenda. Jordan alikuwa pale getini, begi lake liko wazi, na akina mama wamemzunguka, baadhi yao hawakuwahi kununua kwake hata siku moja. Aliponiona naja hakukimbia. Aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Mzee amewaambia ukweli, akina mama. Hii haikatizwi."

Nilishika begi lake. Wanaume wa ukoo wakanishika mimi, wakanirudisha kwenye kiti, wakisema huyu mzee msiba umemzidi, mpeni maji. Nikiwa nimekaa hapo na kikombe mkononi, nilimsikia mama mmoja akiomba makopo mawili ya ile dawa.

"Si dawa, mama," Jordan akamsahihisha. "Ni lishe."